Aliyevunjika kwa kuteleza tu asisubiri kipimo cha mifupa

Anayeniuliza sana kuhusu kipimo cha mifupa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu au arobaini. Magoti yanamuuma akipanda ngazi za ofisini. Amepita kwenye banda la kupima afya karibu na stendi, ameambiwa mifupa yake "imeanza kuisha", na sasa anataka kujua ni hospitali gani yenye mashine kubwa ili ahakikishe. Tayari ameshanunua makopo mawili ya kalsiamu kwa pesa ambayo ingemnywesha maziwa mwezi mzima.

Asiyeuliza kabisa ni bibi wa miaka 70 ambaye mwaka juzi aliteleza bafuni akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika, akafungwa hogo, baada ya wiki sita likatolewa, akarudi nyumbani kwa wajukuu. Mwaka huu amejikwaa kwenye mkeka sebuleni, na safari hii ni nyonga. Mara zote mbili alipigwa picha ya eksirei, mara zote mbili mfupa ukaangaliwa kwa makini, na hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu uvunjike kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Hakuanguka kutoka kwenye mwembe wala hakugongwa na bodaboda. Aliteleza tu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipokosea njia. Kipimo cha mifupa kinapigiwa debe kwa watu ambao hakitawasaidia, na wale ambao mifupa yao imeshavunjika wanaambiwa wasubiri kipimo ambacho, kwa hali yao, hakihitajiki ili waanze kutibiwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu umechanganywa na mengine mengi. Mfupa si jiwe. Ni kitu kilicho hai, kila siku sehemu yake iliyochakaa inabomolewa na nyingine inajengwa. Utotoni na ujanani ujenzi unazidi ubomoaji, na mtu akikaribia miaka 30 anakuwa na akiba kubwa ya mfupa kuliko atakavyokuwa nayo tena maishani. Baada ya hapo akiba inapungua polepole. Kwa mwanamke inapungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizuia ubomoaji imeshuka. Akiba ikipungua mno, mfupa kwa ndani unabaki matundu matupu kama mkate, na kuta zake zinakuwa nyembamba. Huo ndio ugonjwa unaoitwa osteoporosisi. Wanaume nao wanaupata, ila kwa kawaida wanachelewa, na mwanaume akivunjika nyonga uzeeni hali yake huwa mbaya kuliko ya mwanamke.

Osteoporosisi haiumi mpaka mfupa uvunjike. Ningeomba sentensi hiyo ikatwe na kubandikwa kwenye kila banda la kupima afya. Magoti yanayouma, yanayolia yakikunjwa, yale tunayosema "mifupa inasagana" au "ute umeisha", huo ni ugonjwa wa maungio. Kinacholika pale ni gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa. Mtu anaweza kuwa na magoti mabovu kabisa na mifupa imara kabisa. Wanene wengi wenye maumivu ya magoti wako hivyo hivyo. Kumpeleka mtu wa magoti kwenye kipimo cha osteoporosisi ni sawa na kumpima macho mtu anayeumwa jino. Na ikiwa mifupa inauma mwili mzima, mapaja hayana nguvu, mtu anapepesuka akitembea, hiyo ni habari nyingine tena. Huenda ni upungufu wa vitamini D, na hiyo inatafutwa kwa kupima damu.

Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA. Nimewahi kukuta familia iliyodhani mama ameandikiwa vidonge vya deksa, vile ambavyo wengine wanavitafuta mitaani ili wanenepe. Ni vitu viwili visivyohusiana, na vidonge hivyo vikitumiwa muda mrefu ni miongoni mwa maadui wakubwa wa mfupa. DEXA ni mashine ya eksirei. Unalala chali juu ya meza, mkono wa mashine unapita juu yako bila kukugusa, na kwa dakika 10 hadi 20 umemaliza. Hakuna sindano, hakuna kufunga kula. Mionzi yake ni kidogo mno, chini ya ile ya picha ya kifua. Vua nguo yenye zipu au vifungo vya chuma, usinywe vidonge vya kalsiamu siku hiyo, na kama karibuni ulipigwa picha ya tumbo kwa kunywa au kuchomwa dawa ya kung'arisha, sema, kwa sababu itaharibu hesabu. Mjamzito naye aseme. Sehemu zinazopimwa ni nyonga na pingili za kiuno. Zikishindikana, unapimwa mkono.

Mashine inatoa namba inayoitwa alama ya T. Namba hiyo inalinganisha mfupa wako na wa mwanamke mwenye afya aliye katika miaka ya ishirini. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka mipaka inayotumika hadi leo: kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 ni upungufu, na -2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Neno "upungufu" limewalaza macho wengi bure. Mama wa miaka 55 mwenye alama ya -1.4 ambaye hajawahi kuvunjika na hatumii dawa zinazokula mfupa si mgonjwa. Yuko pale ambapo wanawake wengi wa umri wake wapo.

Kuna mambo mawili kuhusu namba hii ambayo karatasi ya majibu haisemi. La kwanza, wanawake waliotumika kuweka kipimo cha kawaida ni wanawake weupe wa Marekani. La pili, mashine inaona kivuli cha mfupa, haioni unene wake. Inahesabu madini kwa kila sentimita ya mraba ya kivuli hicho. Mtu mwenye umbo dogo ana mifupa midogo, na kwa sababu hiyo tu namba yake inaweza kushuka hata kama mfupa wake ni mzima kwa umbo lake. Kwa upande wa pili, mzee ambaye pingili zake za kiuno zimeota vijipembe vya uzee anaweza kupata namba nzuri ya mgongo isiyo ya kweli, maana mashine imehesabu na vile vijipembe.

Hata namba ikiwa sahihi, haimalizi maneno. Utafiti mkubwa uliofuatilia wazee wa Rotterdam, Uholanzi, ulikuta kwamba kati ya wanawake waliovunjika mifupa isiyo ya uti wa mgongo, waliokuwa na alama ya osteoporosisi walikuwa asilimia 44 tu. Kwa wanaume walikuwa asilimia 21. Maana yake wengi waliovunjika walikuwa watu ambao mashine ingewaambia hawajafika kwenye ugonjwa.

Watu wa Arusha na Kilimanjaro, na wote wa Bonde la Ufa wanaokunywa maji ya chumvi ile ya floridi, wana sababu yao ya pekee ya kutoiamini namba peke yake. Floridi inayotia meno rangi ya kahawia inaingia pia kwenye mifupa, na ikiwa nyingi kwa miaka mingi inaufanya mfupa uonekane mnene kwenye picha huku ukiwa umekakamaa na rahisi kuvunjika. Madaktari walijifunza hili kwa njia ngumu. Kuna wakati floridi ilijaribiwa kama dawa ya osteoporosisi. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1990, wanawake 202 waliokwisha koma hedhi waligawanywa, wengine wakapewa floridi na wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka minne waliopewa floridi walikuwa na ongezeko la asilimia 35 kwenye mfupa wa kiuno. Mashine ingewapongeza. Lakini pingili zao hazikupungua kuvunjika, na mifupa mingine ilivunjika zaidi kuliko ya wenzao. Kwa hiyo mtu wa Arumeru au Hai akiletewa majibu ya "mifupa minene kupita kawaida", asishangilie bila kuulizwa maji ya kijijini kwao yanatoka wapi.

Sasa turudi kwa yule bibi wa nyonga. Mtu wa zaidi ya miaka 50 akivunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kutoka kimo chake au kwa kuinua ndoo, miongozo mingi ya kitabibu duniani inamhesabu kuwa ana osteoporosisi, alama ya T iwe ngapi. Mfupa umeshapimwa. Sakafu ya bafuni ndiyo imeupima.

Hili si suala la maneno. Aliyevunjika mara moja kwa namna hiyo ana hatari ya kuvunjika tena inayokaribia mara mbili ya mwenzake. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri na upasuaji wa haraka, kati ya wazee watano wanaovunjika nyonga, takriban mmoja anafariki ndani ya mwaka. Kwetu, ambako wengi wanalala wiki kadhaa mguu ukiwa umetundikwa kwa kamba na uzito, wakipata vidonda vya mgongoni na kichomi, sioni kwa nini tutegemee nafuu zaidi.

Na dawa ipo. Mwaka 2007 yalichapishwa majibu ya jaribio lililohusisha watu 2,127 waliokwisha fanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika. Nusu yao walichomwa dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, ya kwanza ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Walivunjika upya mara chache kuliko wenzao kwa asilimia 35, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Angalia jambo moja: hakuna aliyetakiwa kufikisha alama fulani ya DEXA ndipo aingizwe. Kuvunjika nyonga kulitosha.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia "lete kipimo kwanza". Familia ya mkoani inajichanga, mama aliyevunjika anabebwa kwenye basi mpaka jiji kubwa, kwa sababu mashine hizi ni chache na karibu zote ziko mijini. Wanalala kwa ndugu, wanalipa, wanarudi na karatasi yenye namba. Kisha ama namba ni -2.2 na wanaambiwa "bado", ama ni -2.9 na pesa ya dawa imeishia kwenye nauli. Kipimo kikiwa mtaa wa pili na bima inalipa, kifanyike, kitasaidia kujua alipoanzia. Lakini kisigeuzwe lango la kuingilia kwenye matibabu.

Kabla ya kuanza dawa kuna mambo ambayo kweli hayarukwi, na hayahitaji mashine ya mamilioni. Pingili iliyobomoka kwetu hapa si lazima iwe uzee. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume, au saratani ya uboho. Mzee anayekonda, anayetokwa jasho usiku, mwenye homa za jioni au maumivu ya mgongo yasiyompa nafasi hata akilala, achunguzwe hayo kwanza. Damu ipimwe kalsiamu, na figo ziangaliwe, kwa kuwa dawa nyingi za mifupa haziruhusiwi kwa figo zilizochoka. Upungufu wa vitamini D urekebishwe kabla ya dripu. Jino bovu ling'olewe kabla, siyo baada, kwa sababu mara chache sana dawa hizi huzuia mfupa wa taya kupona.

Vidonge vinavyotumika zaidi ni alendroneti, kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, na katika maduka makubwa ya dawa mijini hupatikana. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Siyo chai, siyo maziwa, siyo uji. Halafu mtu anakaa wima au anatembea nusu saa kabla ya kula. Akirudi kulala, kidonge kinaweza kumchoma koo na kumtoboa vidonda. Mgonjwa asiyeweza kukaa wima nusu saa asipewe kidonge hiki, atafutiwe dripu. Nimeona watu wakipewa pakiti dirishani bila neno hata moja kati ya haya.

Basi nani apimwe DEXA? Wapo, na sitaki msomaji aondoke akidhani nakidharau kipimo. Kinafaa pale ambapo jibu lake litabadilisha kitakachofanyika kesho. Anayetumia predinisoloni kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, kwa sababu ya pumu, baridi yabisi, lupasi au figo, huyo ana haki ya kupimwa mapema, kwani mfupa unapotea kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo ya dawa hiyo. Mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari zote akiwa kijana. Mgonjwa wa saratani ya titi au tezi dume aliye kwenye dawa za kuzima homoni. Aliyekonda sana kwa miaka mingi. Mtu ambaye mama yake au baba yake alivunjika nyonga. Na mwanamke aliyefika miaka 65, kama kipimo kiko karibu na kinalipika.

Kuhusu hili la mwisho, nchi tajiri zenyewe hazikubaliani. Marekani, katika ushauri wake wa Januari 2025, bado inasema wanawake wote wa miaka 65 na kuendelea wapimwe. Uingereza inaanza na maswali. Chuo Kikuu cha Sheffield kilitoa mwaka 2008 kikokotoo kinachoitwa FRAX, kinachouliza umri, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za steroidi na baridi yabisi, kisha kinakadiria uwezekano wako wa kuvunjika katika miaka 10 ijayo. Kinafanya kazi hata bila DEXA. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lenye wanawake zaidi ya 12,000 wa Uingereza wa miaka 70 hadi 85, upande mmoja uliulizwa maswali hayo na wale tu walioonekana wako hatarini ndio wakapelekwa kwenye mashine. Jumla ya mivunjiko haikupungua sana, lakini ya nyonga ilipungua kwa asilimia 28. Mimi nasimama na Waingereza. Maswali hayalipiwi, na mhudumu yeyote wa zahanati anaweza kuyauliza.

Anaweza pia kumsimamisha mzee ukutani. Mgongo na visigino viguse ukuta, kisha aombwe kugusisha kisogo. Akishindwa, au kama amepungua urefu wa sentimita nne au zaidi kulingana na ule wa ujanani, huenda pingili zimeshabomoka kimya kimya. Kibiongo cha bibi tunakiita uzee. Mara nyingi ni mifupa iliyovunjika bila mtu kupiga kelele, na picha ya kawaida ya eksirei ya mgongo, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinaweza kuipiga, itaonyesha.

Wanawake wawili watatu wameniuliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango na dawa za kupunguza makali ya virusi. Sindano ya miezi mitatu inapunguza mfupa kidogo, na baada ya kuiacha sehemu kubwa hurudi. Tenofovir nayo hupunguza kidogo mwanzoni, kisha hutulia. Hakuna kati ya hizo ya kuachwa kwa hofu ya mifupa. Anayeacha dawa za virusi kwa ajili ya mifupa amekimbia mvua akaingia mtoni.

Na aliyekwisha pimwa akakutwa vizuri, asiuziwe kipimo kila mwaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofuatilia wanawake karibu 5,000 wa miaka 67 na kuendelea ulikadiria kuwa kwa wale walioanza na mfupa wa kawaida au upungufu mdogo, ingechukua takriban miaka 17 kabla ya mmoja kati ya kumi kufikia osteoporosisi. Walioanza karibu kabisa na mstari ndio waliohitaji kuangaliwa baada ya mwaka hivi. Kama kuna sababu ya kurudia, rudia kwenye mashine ile ile, maana namba za mashine za kampuni tofauti hazilinganishwi.

Sasa yale mabanda. Kuna kifaa cha kupima kisigino kwa mawimbi ya sauti. Hicho ni cha kweli, kinaweza kudokeza nani achunguzwe zaidi, lakini hakitoi hukumu ya ugonjwa na hakifai kufuatilia matibabu. Halafu kuna kile cha kushika mkononi kama kalamu nene, kimeunganishwa na kompyuta mpakato, na baada ya dakika moja kinatoa kurasa nyingi kuhusu ini, macho, nguvu za kiume na mifupa. Hicho hakipimi mfupa. Hakuna mionzi wala sauti inayoufikia mfupa wako kupitia kiganja. Ukiona anayekupima ndiye anayeuza kopo, na jibu la kila mtu kwenye foleni linaishia kwenye kopo lile lile, unajua umefika wapi.

Wazazi nao wanauziwa. Mtoto ana matege, au amevunjika mkono mara mbili kwa kuruka kwenye masofa, na mama anataka apimwe DEXA. Mtoto hapimwi kwa alama ya T hata kidogo, kwa sababu alama hiyo inamlinganisha na mtu mzima aliyekwisha maliza kujenga mfupa. Kila mtoto mzima angeonekana mgonjwa. Kwa mtoto kuna alama nyingine, ya Z, inayomlinganisha na wa umri na jinsia yake, na hata hiyo peke yake haitoshi kusema ana osteoporosisi. Lazima kuwe na mivunjiko isiyo ya kawaida: pingili iliyobomoka bila ajali, au mifupa mirefu kuvunjika mara mbili au zaidi kabla ya miaka 10, mara tatu au zaidi kabla ya 19, pamoja na alama ya chini. Mtoto wa matege anahitaji picha ya kawaida ya magoti na vifundo, damu kwa ajili ya kalsiamu, fosfeti na vitamini D, na katika mikoa niliyoitaja, swali kuhusu maji. Mtoto aliye kwenye steroidi muda mrefu, au mwenye selimundu anayelalamika mgongo usiopoa, huyo apelekwe kwa bingwa wa watoto, ambaye ataamua kama mashine inahitajika. Wengine wapewe dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, uji wa ulezi, na ruhusa ya kucheza nje.

Ninachotaka kutoka hospitalini ni kitu kidogo. Mwaka 1999 huko Glasgow, Uskoti, walianza utaratibu ambao nchi nyingi zimeuiga: kila mtu wa miaka 50 na zaidi anayefika na mfupa uliovunjika anaandikwa na muuguzi mmoja mwenye kazi hiyo, na hatoki kwenye orodha mpaka sababu ya kuvunjika imetafutwa na matibabu yameamuliwa. Wao walikuwa na DEXA karibu. Sisi tunaweza kuanza na daftari, muuguzi wa kliniki ya mifupa, na simu. Kitengo cha kufunga hogo kinawaona watu hawa wote. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza mfupa umevunjikaje. Kabla ya kununua mashine nyingine kwa hospitali nyingine ya jiji, ningependa kuona daftari hilo kwenye kila hospitali ya rufaa ya mkoa.

Hadi hapo, swali itabidi liulizwe na wewe uliyemsindikiza mama. Siku ya kwenda kutoa hogo au kukagua kidonda, pitia dirisha la wazee, na beba vitu hivi: picha zote za eksirei, za sasa na za zamani, vidonge vyote anavyotumia, hata vya kienyeji na vile vya kuomba jirani, na umri aliokoma hedhi. Mwambie daktari, mama alivunjika kwa kuteleza tu, na hii ni mara ya ngapi. Muulize ataanza dawa gani ya mifupa, lini, na kama figo na kalsiamu vimeangaliwa. Akisema kipimo kwanza, muulize kwa upole jibu la namna gani litamfanya asimpe dawa. Mkirudi nyumbani, mkeka wa sebuleni uondoke, bafuni liwekwe tambara lisiloteleza na taa, na kama mama ana mtoto wa jicho, apangiwe kliniki ya macho mwezi huu huu.